Muulize Kazi, Usimuulize Jina

Umeajiriwa juzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Umeonyeshwa rafu za koki, ndoo za misumari, rola za waya na daftari la madeni. Hakuna aliyekuonyesha la kufanya siku mzee wa miaka sitini na kitu atakapoitupa koki juu ya kaunta na kusema, "Mmeniuzia takataka!"

Mimi siku hiyo ilinikuta mwezi wangu wa kwanza wa kazi, Gerezani pale Kariakoo. Mzee alinunua koki ya robo tatu asubuhi, akapanda daladala hadi Mbagala, fundi akamwambia haiingii, akarudi saa nane mchana jua likiwa utosini. Robo tatu aliitaja mwenyewe, kwa mdomo wake, nami nilimsikia. Kwa hiyo nikamjibu, "Mzee, si wewe uliyesema robo tatu?" Jibu lilikuwa la kweli na halikunisaidia chochote. Baada ya dakika kumi tulikuwa tunazozana kama madereva waliogongana, wateja wawili wameshahamia duka la jirani, na mzee sasa anadai koki, nauli na muda wake.

Tajiri alitoka stoo. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alimwamkia mzee, akamsogezea stuli, akanituma maji ya kunywa. Kisha akachukua rula na koki ya nusu inchi, akapima uzi wake kwa nje mbele ya mzee: milimita 21. "Mzee wangu, nyumbani ulipima hivi?" Mzee akakubali. Mtego ulikuwa hapo. Robo tatu ya inchi ni milimita 19, kwa hiyo mtu akiweka rula juu ya koki ya nusu lazima aone robo tatu na ushee. Majina haya ya nusu na robo tatu yalitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani, hayahusu upana wa nje. Koki ya robo tatu yenyewe ukiipima nje inakupa milimita 26, na ndiyo maana wengine huja wakiomba ya inchi moja.

Kumbe mzee hakuwa mzembe. Alipima, tena kwa rula, jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi. Alipokwisha kunywa maji akatuambia kilichomuuma: fundi alimcheka mbele ya mkewe. Akabadilishiwa koki, akaongeza tredi tepu mbili, akaaga kwa heshima zote. Alinunua kwetu mpaka nyumba yake ikaisha.

Tangu siku ile nimewatazama wakali wote kwa jicho hilo. Wengi wao wamepotea, na wanaona aibu kupotea. Wametumwa kitu wasichokijua jina, kwa hela ambayo pengine imekopwa kwenye kikoba, na fundi anawasubiri huku akihesabu siku ya kazi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa swali asiloweza kulijibu, anafoka. Ukimtoa kwenye kupotea, sauti inashuka yenyewe. Wako wachache ambao hawakupotea hata kidogo, wanajua wanachokifanya. Hao nitawafikia mbele.

Anza na salamu, na usiipitishe haraka kama mtu anayefukuza nzi. Mteja aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kabla hujamuuliza shida yake, hata kama ameingia akiwa amekunja uso. Ni vigumu kumtukana kijana ambaye umemwitikia marahaba sasa hivi. Na angalia unamsalimia nani. Siku hizi wanawake wengi wanajenga kwa hela zao, wakija dukani wanaongozana na shemeji au mdogo wao wa kiume kwa ajili ya kubeba. Wauzaji wengi, wakiulizwa bei na mama, humjibu yule kijana. Nimeona mama akifunga pochi na kuondoka na oda ya mabati ya nyumba nzima kwa sababu hiyo tu, na muuzaji akabaki anasema yule mama ana dharau. Mwenye hela ndiye anayejibiwa.

Sasa kazi yenyewe. Mteja anasema, "Nipe kile kidude cha kwenye bomba." Ukimuuliza "kidude gani?" umemrudishia mzigo uleule alioshindwa kuubeba. Muulize kazi. Kinaenda jikoni au chooni? Maji yanatoka kwenye tenki au moja kwa moja DAWASA? Bomba ni la chuma au la plastiki? Lilikuwa linavuja, au ndiyo mnafunga jipya? Maswali haya anayaweza, kwa sababu nyumba ni yake na anaijua. Baada ya majibu matatu au manne wewe mwenyewe utakuwa umejua kwamba kidude ni elbo, na utaweka elbo mbili tofauti juu ya kaunta umwambie achague inayofanana na ya kwake. Kumbuka kwamba mabomba ya plastiki ya kuchomelea yana namba zake: nusu inaitwa 20, robo tatu inaitwa 25, inchi moja inaitwa 32, na namba hizo ni milimita za nje. Fundi anaweza kumwambia mteja "nusu", mwenzake akamwambia "ishirini", na mteja akaamini mmoja wao ni mwizi.

Kuna maeneo kama matano hivi ambako watu hupotea kila siku, nawe ukiyajua utaokoa nusu ya ugomvi wa duka. Geji ya mabati ni la kwanza, na ni baya kuliko yote. Mtu anaona 32 ni kubwa kuliko 28, anadhani bati la geji 32 ni nene zaidi, halafu anashangaa kwa nini ni rahisi. Ni kinyume chake: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Usimweleze kwa maneno, mpe vipande viwili avikunje kwa mkono. Simenti nayo ina 32.5 na 42.5, na mara kwa mara nimekuta mtu akidhani ni kilo. Mifuko yote miwili ni kilo 50; namba ni nguvu ya simenti hiyo ikishakomaa siku 28. Taa za kuchomeka za pini na za kuzungusha zinafanana zikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo fungua boksi kabla ya kupokea hela. Waya wa 1.5 ni wa taa, 2.5 ni wa soketi, na mtu anayetaka waya "wa kawaida" kwa ajili ya shawa ya moto mzuie kwanza umuulize fundi wake ni nani, maana hapo tumeshatoka kwenye ukali wa wateja tumeingia kwenye moto wa nyumba. Rangi ya maji na rangi ya mafuta nafikiri unazijua.

Jambo dogo, lakini nimeona likiharibu biashara: usimcheke mtu kwa alivyotamka. Orodha za mafundi huandikwa kwa kalamu iliyochoka, juu ya kipande cha mfuko wa simenti, na mteja anasoma alichokiona. Akisema "nipo mbili" anataka nipple mbili za bomba, na anajua anachosema. Akisema "getivavu", mpe geti valvu, na neno lako litamke wakati unamkabidhi, "geti valvu yako hii hapa mama," bila kulikazia. Atalichukua bila kuumia. Orodha isiyosomeka kabisa isikutie ujasiri wa kubahatisha. Mwambie ampigie fundi, aweke simu kwenye spika, wewe uongee na fundi huku mteja akisikia. Spika ni muhimu. Fundi akikosea, amekosea mbele ya mwenye hela, na kesho mteja hatakuja kukufokea wewe.

Kuuliza kazi kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo ukishauliza na kujibiwa, umebeba dhamana, na usimpe mtu kitu ambacho unajua hakitamfaa eti kwa sababu ndicho kilichobaki stoo. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lililobandikwa nyuma yako lisikupe kiburi. Bango haliponyi koki iliyotoka kiwandani na ufa.

Hata hivyo, kuna vitu ambavyo kweli havirudi, na hapo ugomvi unazuiwa kabla, haungojwi. Waya ukishakatwa umekatwa. Rangi ikishachanganywa kwenye mashine kupata rangi aliyoichagua, hakuna mwingine atakayeinunua. Na rangi ikiwa mbichi kwenye ndoo, chini ya taa za dukani, haifanani na itakavyokuwa ukutani ikikauka. Mimi nilijifunza kusema sentensi moja na kunyamaza: "Mama, nikikata hairudi. Nikate?" Kisha nasubiri. Koleo liko mkononi, halijagusa waya. Mpaka aseme kata. Wanaosema "subiri kwanza nimpigie fundi" ni wengi kuliko unavyodhani, na kila mmoja wao angekuwa mteja anayefoka kesho.

Kwenye bei utakutana na hasira ya namna nyingine, hasa ukiwa Kariakoo. Mteja kaletwa na winga, dalali wa mtaani. Winga kamtajia bei yenye cha juu chake, halafu mteja kaona bei halisi ikitajwa kwa mtu mwingine, na lawama zinakuja kwako. Usianze kumtetea winga wala kumsema mbele ya mteja. Taja bei ya duka, mara moja, sauti ileile. Akikwambia jirani anauza kwa bei ndogo zaidi, usimponde jirani. Huenda jioni utamwazima chenji. Weka mkononi mwa mteja koki ya shaba, kisha ile nyepesi iliyopakwa rangi ya fedha. Uzito unaongea. Akichagua nyepesi bado ni haki yake, ila awe ameshika zote mbili.

Upande wa hela, taratibu zako ziwe zilezile kwa kila mtu, mnyonge na mwenye gari. Noti ya mteja itaje kwa sauti, "nimepokea elfu kumi," na uiache juu ya kaunta upande wako, usiitumbukize kwenye droo mpaka awe amehesabu chenji yake. Atakayedai alikupa kumi wakati alikupa tano ataiona tano yake inamtazama. Mtu akilipa kwa simu, tazama ujumbe wa simu ya duka, usitazame wa simu yake; ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa dakika moja na unafanana na wa kweli. Atauliza, "Kwani unaniona mwizi?" Swali hilo lina mtego, maana ukisema ndiyo umemtukana, na ukisema hapana atabeba mzigo aondoke. Mjibu hivi: "Muamala wangu haujasoma, mtandao unasumbua, tuusubiri pamoja." Neno "pamoja" linafanya kazi kubwa. Mkweli atakaa. Mwongo atakumbuka kwamba ameacha pikipiki vibaya.

Risiti mpe kila mmoja. Mashine za EFD tunazo tangu 2010, mteja ana wajibu wa kudai na wewe una wajibu wa kutoa, lakini faida yake ya karibu zaidi kwako ni kwamba mabishano ya "nilinunua hapa" yanaisha. Na hapo kwenye risiti ndipo utakapokutana na kijana mmoja mpole sana anayegeuka simba. Ana shangazi au kaka yuko Muscat, au Marekani, anajenga Bagamoyo kwa kutuma hela. Kijana anakuomba uandike bei ya juu kuliko aliyolipa. Ukikataa, atasema wewe ni mgeni wa biashara, maduka yote yanafanya, na hatarudi tena. Asirudi. Kuandika bei ya uongo kwenye risiti ni kosa la kodi, tena ni wizi wa hela ya mtu anayesimama usiku kwenye nchi ya watu kuitafuta. Huyo aliyeko nje naye, akikupigia simu moja kwa moja akifoka kama vile wewe ndiye uliyemla, mvumilie. Ameshaliwa na ndugu, amebaki hana wa kumwamini. Mtumie profoma yenye bei zote kwa WhatsApp, piga picha ya mzigo ukipakiwa, hesabu mabati mbele ya kamera. Wengi wa hao huishia kuwa wateja wakubwa kuliko wote mtaani.

Sasa wale wachache niliowaahidi, ambao hawakupotea.

Yupo anayekuja na "unanijua mimi ni nani?" Huyu hatafuti koki, anatafuta wa kumkanyaga. Usimwambie humjui, na usijifanye unamjua. Rudi kwenye bidhaa: "Mkuu, ulihitaji mabati mangapi?" Ukirudia mara tatu bila kubadili sauti, huchoka, kwa sababu hakuna mchezo. Akianza matusi ya mama, simamisha mauzo. "Bei tutaongea, matusi hapana." Sema hivyo, toka kaunta, mwite mwenzako. Usimjibu tusi hata kama unalo zuri, na najua utakuwa nalo. Wapita njia hawakusikia tusi la kwanza, watasikia lako.

Dada zangu mnaokaa kaunta, ninyi mna lenu ambalo sisi wanaume hatulibebi. Anayekushika mkono wakati wa kupokea chenji, anayekuomba namba kila akija kununua msumari, anayekuita mke wake mbele ya vijana wa stoo. Mmefundishwa kucheka ili biashara iende. Msicheke. Hela iweke juu ya kaunta, aichukue mwenyewe. Mwambie, wenzako wakisikia, "Kaka, nahudumia duka tu." Akirudia, ahudumiwe na mwanaume, na jina lake liingie kwenye masikio ya tajiri siku hiyohiyo. Tajiri atakayekwambia umvumilie kwa sababu ni mteja mkubwa amekwambia pia anakuthamini kiasi gani, na si vibaya kuanza kuulizia kazi kwa jirani.

Hapa nataka niseme na wenye maduka, maana mwongozo huu utasomwa na vijana lakini mengi yake yako mikononi mwenu. Mteja akifoka, msiwakaripie vijana wenu mbele yake ili kumfurahisha. Mteja hufurahi kweli, na kijana huyo hatamhudumia mtu kwa moyo tena mwezi mzima. Msimkate mshahara kwa koki iliyorudishwa. Mkianza hivyo, kila muuzaji atagombana na mteja hadi tone la mwisho, kwa sababu sasa anapigania ugali wake. Wekeni kiasi fulani cha hela ambacho muuzaji anaweza kukiamua mwenyewe bila kuwapigia simu, kubadilisha koki, kurudisha nauli ya daladala, basi. Kile kitabu cha madeni andikeni nyuma yake makosa yanayojirudia, vipimo gani vinarudishwa, fundi gani orodha zake hazisomeki. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na somo ambalo hakuna chuo kinalitoa.

Halafu tazameni saa. Ugomvi mwingi niliouona dukani ulitokea kati ya saa saba na saa tisa mchana: bati la paa linachoma, kijana hajala, amesimama tangu saa mbili asubuhi. Mpeni nusu saa ale akiwa ameketi mbali na kaunta. Na ile stuli ambayo tajiri wangu alimvutia mzee wa Mbagala ilikuwa moja tu duka zima, tukiigombea wafanyakazi wanne. Nunueni mbili, moja ya mteja na moja ya muuzaji. Zote za plastiki.